Farasi Saba Kutoka Mombasa

Jumatano, 25 Machi

Idi ndogo imepita, wageni wamekwenda zao, na nyumba imebaki na harufu ya pilau na ugomvi. Kaka Swaibu amempata mtu anayetaka kununua mteremko wetu, ule unaoshuka kutoka ua wa juu mpaka ukuta wa chini, ajenge ghorofa za kupangisha. Alilitoa jambo hilo mbele ya Mama tukiwa tunakunywa chai, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe sukari. Duka lake la mapazia haliendi vizuri, watoto wako shuleni, na ardhi, anasema, imelala tu inaota nyasi.

Nikasema mteremko hauuzwi. Nikasema bustani yetu inaweza kukodishwa kwa sherehe: harusi, posa, watu wanaotaka kupigwa picha ziwa likiwa nyuma yao. Hapa Makindye ni nyumba chache zinazoliona ziwa kama tunavyoliona sisi. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata kidogo kabla ya kufungua mdomo, lakini nilipomaliza kusema nikajua ndicho ninachokitaka. Tangu ndoa yangu ivunjike nikarudi hapa, sijataka kitu kwa namna hiyo.

Mama alituacha tuseme mpaka tukachoka. Nyumba ni yake na neno la mwisho ni lake.

"Mpaka Idi kubwa," alisema. "Raisa akinionyesha sherehe moja imefanyika huko chini na watu wameondoka wameridhika, hapauzwi. Isipofanyika, Swaibu auze, na mimi sitaki kusikia kilio cha mtu."

Swaibu alitabasamu. Tabasamu lile bado linanikera hadi sasa ninapoandika.

Alhamisi, 26 Machi

Ogwang, aliyekuwa akitufyekea nyasi kwa miaka mingi, amekuja kuaga. Amepata kazi ya ulinzi Namuwongo.

"Nyabo, kazi ya askari iko na kivuli," aliniambia kwa heshima ya Kiganda. "Ile nyasi yenu haina kivuli."

Siwezi kumlaumu. Lakini angengoja basi nimalize kujigamba kwanza.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda Ntinda kuangalia mashine za kukata nyasi. Foleni ilinila asubuhi nzima. Duka lina dada mmoja Mkenya, anaitwa Nelima, mwenye sauti ya kuuza na macho ya askari wa forodha. Nilimwambia nataka mashine yenye nguvu. Badala ya kunionyesha mashine akaanza kunihoji.

"Kwenu ni tambarare ama kuna mlima?"

"Mteremko."

"Mkali?"

"Mteremko ni mteremko, dada."

"Nyasi ni gani? Paspalamu? Inafika wapi ikinyeshewa, kwa goti? Na mtakata ikiwa imekauka ama mtakata tu vile imepatikana?"

Nikamuuliza kama anauza mashine au anaandika historia ya maisha yangu. Hakukasirika. Alinionyesha mashine moja nyeusi, nzito, yenye kisu kifupi, na kibati kilichoandikwa namba ndogo: kilowati nne na ushei. Bei yake ilinifanya niangalie mlango. Nikamuuliza hizo ni nguvu za farasi wangapi, akasema wanapita tano kidogo, lakini ni tano za ukweli. Nikamwuliza tano za uongo zinakuwaje. Akacheka, akasema, "Nunua kwingine, zile za stika ya saba, utazijua."

Nilitoka nimenuna. Simpendi mtu anayeniuzia kwa mafumbo.

Jumapili, 29 Machi

Nilijua Mama angesema nini na amesema hicho hicho.

"Ntinda? Kwani Mombasa hakuna mashine?"

Ndivyo tulivyo sisi. Babu mzaa baba alitoka Mombasa akaja huku na biashara ya vitambaa, akajenga, akazeeka, akazikwa, na mpaka leo kitu cha maana hakinunuliwi Kampala. Halua hutoka Mombasa. Kanzu za Idi, mkeka wa kuswalia, udi, mpaka sufuria za pilau. Sanda ya marehemu baba ilitoka huko na kukaa kabatini miaka kabla hajaumwa. Mama akikaa kwenye baraza jioni akaliangalia ziwa husema, "Dimbwi hilo. Bahari ya kwetu ukiiona, hili utalinawia miguu." Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa mtoto.

Kwa hiyo nimempigia Abubaker, mtoto wa baba mdogo, aliye Mombasa. Amesema niache kupoteza muda na Wakenya wa Ntinda. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ni Mkenya. Akasema hilo ni jambo jingine.

Jumatano, 1 Aprili

Abubaker ameipata. Nyekundu, kisu kipana kuliko cha Ntinda, na ubavuni stika kubwa ya dhahabu imeandikwa 7. Farasi saba, kwa bei ya chini kuliko wale watano wa Nelima. Ametuma video akiijaribu uani kwake: anatembea na kandambili, mkono mmoja kwenye mashine, mkono mwingine ameshika simu, na nyasi zinakatika nyuma yake safi kabisa. Mama ameiangalia video ile mara nyingi.

"Unaona mchanga ule?" aliniambia. "Mchanga wa kwetu huo."

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 9 Aprili

Mashine imefika na basi. Nimeisaini mwenyewe, nimeileta mwenyewe, nimeifungua kwa kisu cha jikoni kabla hata ya kuvua viatu.

Jumamosi, 11 Aprili

Leo jua limetoka na nimekata ua wote wa juu. Nilivuta kamba mara moja tu, ikanguruma. Nyasi za juu ni fupi na pale ni tambarare, ikapita vizuri, nami nikatembea nyuma yake nikinusa majani mabichi na petroli na kujiona mtu mwenye akili. Moshi ulikuwa mweusi kidogo. Nikasema ni upya.

Mteremko sijaugusa. Nimetaka kwanza watu waone juu. Na kweli wameona: jioni amekuja dada mmoja Mkongo, Reine, anayeuza vitenge karibu na soko. Mdogo wake anaposwa mwezi ujao na ukumbi waliokuwa wameupata umewaponyoka. Alisimama kwenye baraza akaangalia ziwa.

"Fasi hii iko muzuri," alisema. "Lakini mimi nataka kule chini, ndiyo watu waone maji. Juu hapa hatutatosha."

Nikamwambia aje Jumamosi ijayo na mjomba wake, chini kutakuwa kumekatwa. Nililisema hilo kwa sauti kubwa kwa sababu Swaibu alikuwa anapita.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua tangu alfajiri.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Nimesimama dirishani zaidi ya nilivyokaa.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Nyasi za mteremko zimefika gotini. Ninashuka kuzipima, ninapanda, ninabadilisha soksi, ninashuka tena. Mama ameniambia nikae, ninamtia kizunguzungu.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Swaibu alikuja na mtu wa suti aliyesimama chini ya mwavuli akaangalia mteremko bila kunisalimia. Alipoondoka nilimuuliza Swaibu kama hiyo ndiyo kungoja Idi kubwa.

"Kuangalia si kununua," alisema.

"Na mimi duka lako nikaliangalie hivyo hivyo?"

"Raisa, mimi nina watoto. Wewe una nyasi."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana liliniingia. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumamosi, 18 Aprili

Niandike yote, maana nisipoandika nitayameza na yatanikaa kooni.

Mvua ilikatika asubuhi. Reine alikuwa anakuja adhuhuri na mjomba wake. Nikasema nitakata njia pana mpaka ukutani ili waone jinsi kutakavyokuwa. Nikaishusha mashine, nikavuta kamba, ikawaka, nikaisukuma. Ilikwenda hatua chache. Halafu sauti ikaanza kuzama, kama mtu anayeongea huku anasinzia, ikafa.

Nikaigeuza, nikatoa majani mabichi yaliyokuwa yamejaza tumbo lake, nikavuta tena. Hatua chache, ikafa. Nikavuta tena. Moshi mweusi, ikafa. Nikaipandisha juu nianze kukata huku nateremka, ikaniponyoka mkononi ikateleza peke yake mpaka kwenye mfenesi. Nikaenda nikaikuta imelala ubavu, stika ya 7 ikinitazama.

Nilipoinua kichwa, Reine na mjomba wake walikuwa wamesimama juu, na pembeni yao Swaibu, amekunja mikono. Tope lilikuwa limenifika magotini, hijabu imelowa, na nyuma yangu kulikuwa na viraka vitano sita vilivyokatwa kana kwamba mbuzi mgonjwa amepita.

Mjomba alikuwa mtu mzima mwenye viatu vinavyong'aa. Alitazama nyasi, akatazama viatu.

"Wazee watakanyaga wapi?" alimuuliza Reine.

Reine alinihurumia, na huruma yake ilinichoma kuliko dharau. Alisema atarudi tarehe tisa Mei. Kama chini patakuwa pamekatwa, sherehe itakuwa Jumamosi inayofuata. Kama hapajakatwa, ana mahali pengine. Walipoondoka Swaibu hakucheka. Alishuka na kanzu yake, akaiinua mashine, akaipandisha mpaka bandani bila kusema neno. Bora angecheka.

Jumapili, 19 Aprili

Nimempigia Abubaker na kumwambia maneno ambayo kwa heshima ya karatasi sitayaandika yote. Nimemwita tapeli. Nimemwambia farasi wake saba ni punda watatu. Alisema, "Lakini uliiona ikifanya kazi, Raisa. Uliiona kwa macho yako." Nikakata simu.

Mama alikuwa anasikia. "Kitu cha Mombasa hakiharibiki," alisema. "Angalia wewe umekikosea wapi."

Jumatatu, 20 Aprili

Ntinda. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugombana na mtu yeyote atakayenisimamia mbele. Nelima alinikumbuka.

"Mama wa mteremko," alisema. "Ulinunua saba?"

Nikamwonyesha picha za mashine kwenye simu. Akazikuza, akaniuliza kama chini ya ile stika ya dhahabu pana kibati cha chuma. Nikamwambia sijui. Akasema kila injini ina kibati chake, na mwenye duka akitaka kuuza haraka hubandika stika juu yake.

Halafu akanieleza, na nitasema ukweli, alieleza vizuri. Kuna nguvu inayopimwa injini ikiwa uchi, imefungwa kwenye meza ya kiwandani, haina chujio la hewa, haina ekzosti, haizungushi kisu, na inakimbizwa mpaka mwisho wa pumzi yake. Hiyo ndiyo namba ya kwenye sanduku. Na kuna nguvu inayobaki injini ikishavikwa nguo zake na kupewa kazi, kwa mwendo wa kazi. Hiyo ni ndogo zaidi, nayo huandikwa kwa kilowati, kwa herufi ndogo, mahali ambapo hutaangalia.

"Na hapo bado hatujapanda mlima," alisema. "Hizo namba wanapima chini, kwa usawa wa bahari. Kampala tuko juu, mita elfu na mia mbili hivi. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini inavuta hewa kidogo, na petroli ni ile ile, ndiyo unaona huo moshi mweusi. Kwa kila kumi inapoteza moja, saa zingine na nusu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hayo siku ile.

"Nilikuuliza kuhusu mlima ukaniambia naandika historia yako."

Kisha, akiwa bado ananitazama kwa huruma, akaanza kunisukumia ile mashine nyeusi. Alisema sina njia nyingine, nyekundu niiuze kwa mtu wa Entebe mwenye bustani ndogo. Hapo nikakumbuka kwamba ni muuzaji. Nikamuuliza kama Entebe iko chini kuliko Kampala. Akakiri kwamba ni karibu sawa. Nikanunua kijibomba cha kabureta, kile wanachokiita jeti, cha kupunguza petroli, nikaondoka. Alinipa kadi yake, akachukua na namba yangu.

Jumanne, 21 Aprili

Nimebandua stika kwa maji ya moto na kucha. Chini yake kweli kuna kibati, kimekwaruzwa kidogo lakini kinasomeka: kilowati 3.2.

Nelima alisema kilowati moja ni farasi mmoja na theluthi. Basi saba waliokuwa kwenye dhahabu ni wanne na ushei kwenye chuma. Ukiondoa cha mlima, hawafiki wanne. Na kisu nilichokisifu kwa upana ndicho kinachokula nguvu zaidi, maana kinashika nyasi nyingi kwa mara moja. Juu ya hayo nyasi ni ndefu, zimelowa, na ninazisukuma kuelekea mlimani. Sijui nilitaka wale maskini wafanye nini.

Nimekaa bandani na hasira, lakini hasira imekosa mtu wa kumkalia. Abubaker hakudanganya. Kwake mchanga, nyasi nyembamba, bahari iko mlangoni. Farasi wanne wanatosha kabisa kwa mtu mwenye kandambili. Mashine ile ilifanya kazi kule na video haikuwa ya uongo. Sisi ndio tuliofikiri kitu kikitoka Mombasa kinakuja na Mombasa yake.

Jumatano, 22 Aprili

Nimemtumia Abubaker ujumbe wa kumtaka radhi. Ameusoma. Kimya.

Jumamosi, 25 Aprili

Jeti imefungwa. Moshi mweusi umekwisha na injini inapumua vizuri zaidi, lakini nguvu haijaongezeka sana, na Nelima aliniambia nisitarajie hilo. Hewa iliyopungua haiuzwi dukani.

Basi nimeacha kuitaka mashine iwe vingine, nimebadilisha kazi. Nimeinua kisu mpaka mwisho, nikate ncha tu, kisha nirudie siku nyingine nishuke kidogo. Nachukua nusu ya upana wa kisu, ile nusu nyingine inapita pale palipokwisha kukatwa. Sishuki wala sipandi, nakata kwa kukingama, kutoka mfenesini mpaka uzioni. Na ninangoja mchana, umande ukishakauka. Kungoja ndiko kunakonishinda. Saa nne niko kibarazani na buti miguuni, nagusa nyasi, bado, narudi, nagusa, bado.

Haikufa hata mara moja. Nimekata robo ya mteremko. Inachosha na inakwenda polepole kiasi cha kutia wazimu.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua. Robo niliyoikata inaota tena.

Alhamisi, 30 Aprili

Nusu saa ya jua. Nimekata mistari minane, mvua ikanifukuza.

Jumapili, 3 Mei

Leo nilikuta Swaibu chini kabla yangu. Alikuwa amefunga kanzu kiunoni, ana fyekeo la zamani la Ogwang, anafyeka kona ya ukutani ambako mashine haiingii. Nilisimama nikafikiri amekuja kumpimia yule wa suti.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Duka halina mteja, nyumbani watoto wanapiga kelele. Hapa angalau kuna upepo."

"Ukifyeka unanisaidia mimi, kaka. Unajiharibia mwenyewe."

"Bado nataka kuuza. Lakini ukishindwa, ushindwe kwa haki. Isije ikasemwa mimi nilikaa tu nikaangalia nyasi."

Tulifanya kazi mpaka adhuhuri. Ana mkono mzuri wa kufyeka, sikuwa najua. Nilimwona ana mvi nyuma ya shingo, na niliona aibu kwamba mwezi mzima nimekuwa nikimfikiria kama tabasamu tu, si kama mtu.

Jumamosi, 9 Mei

Reine amekuja. Mjomba hakuja, nadhani alivihurumia viatu vyake. Alivua ndara akatembea kwenye nyasi mpaka chini, akapanda, akashuka tena. Nilikuwa na maelezo tayari mdomoni.

"Sawa," alisema. "Juma moja. Lakini, Raisa, majani isirudi."

Majani isirudi. Kana kwamba nina mamlaka juu yake.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua.

Jumanne, 12 Mei

Mvua.

Jumatano, 13 Mei

Mvua. Nimemwambia Mama kwamba naweza kusikia nyasi zikikua. Alisema hao ni panya wa dari.

Alhamisi, 14 Mei

Mvua. Nelima amepiga simu, aliona hajapata habari zangu. Aliniambia kama nitakata ikiwa imelowa, nisichukue nusu, nichukue theluthi, na nisimame mara kwa mara kusafisha tumbo la mashine. Sikumwomba ushauri. Nilimshukuru hata hivyo, na baadaye nikaona nilimshukuru kwa moyo.

Ijumaa, 15 Mei

Jua lilitoka baada ya swala ya Ijumaa na nikajua hilo ndilo jua peke yake nitakalopewa. Swaibu alikuja moja kwa moja kutoka msikitini. Alifunga kamba kwenye mashine, akasimama juu ameishika isiteleze, nami nikaisukuma kwa kukingama, theluthi kwa theluthi, kutoka mfenesini mpaka uzioni na kurudi. Kila inapoanza kuzama sauti nasimama, naiacha ipumue, naendelea. Kila nikifika mwisho nainua tumbo, natoa majani kwa kijiti. Nilikuwa nasema na mashine kwa sauti kubwa kama inasikia. Swaibu aliniomba nipunguze, majirani wanasikiliza.

Mstari wa mwisho kando ya ukuta tulimaliza matone ya kwanza yakianguka. Swaibu aliizima mashine, akaweka kiganja chake juu ya injini, akakiondoa haraka.

"Maskini," alisema. "Imejitahidi."

Jumamosi, 16 Mei

Ilifanyika. Watu walikaa chini kwenye mteremko, hema jeupe, viti vimekingwa na mbao upande wa chini, ziwa likaonekana mpaka visiwani. Mjomba alikuja na viatu vyake na akaondoka navyo vinang'aa vile vile. Reine alinishika mikono yote miwili akasema binamu yake ana harusi mwezi wa nane. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia kidogo kwa furaha na uchovu, nikanawa, nikarudi kuokota chupa.

Jumatano, 20 Mei

Miguu inauma. Nimekwenda mara tatu kuangalia nyasi bila sababu.

Jumatatu, 25 Mei

Abubaker ameandika kwamba anakuja kusherehekea Idi na sisi. Hakusema lolote kuhusu ujumbe wangu. Mama anapiga pasi mashuka.

Jumatano, 27 Mei. Idi kubwa

Abubaker alifika jana na basi, na halua, na uso wa mtu ambaye hajaamua kama amenisamehe. Leo baada ya swala alitaka kuona mashine. Nikamshusha mteremkoni, nikamwonyesha mistari, nikamwonyesha kibati. Alikisoma. Wakati wa kupanda alisimama njiani akashika kiuno, anahema, jasho linamtoka.

"Mbona huku pumzi haiji?" aliuliza.

Nilimtazama, yeye akanitazama, na tukacheka mpaka tukakaa chini. Nikamtaka radhi tena kwa mdomo. Alisema hakuwa amekasirika kwa kuitwa tapeli, biasharani ameitwa zaidi ya hapo. Alikasirika kwa sababu aliijaribu kwa siku mbili kabla ya kuituma na mimi sikumuuliza lolote kabla ya kumtukana.

Baada ya chakula tulikaa barazani. Swaibu alikuwa na haki ya kusema na alisema. Alikiri kwamba sherehe imefanyika na watu wameridhika. Lakini sherehe moja, alisema, si maisha. Mvua zitarudi kila mwaka, Raisa atachoka, mashine itachoka. Yule wa suti bado anangoja. Kisha akatoa lile alilokuwa ameliweka akiba.

"Na tuseme ukweli, Mama. Huku sisi tulikuja tu na biashara. Kwetu ni Mombasa. Abubaker yuko hapa, atakuambia, familia yote iko kule. Mtu haugui kwa ajili ya kipande cha ardhi ya ugenini."

Akamgeukia Abubaker. Abubaker alimtazama Mama kwanza.

Mama alikuwa anamenya chungwa. Alilimenya lote, ganda moja refu lisilokatika, akaliweka kwenye sahani.

"Nieleze tena hiyo mashine, Raisa. Kwa nini kule ilikuwa na nguvu na hapa haina?"

Nikamweleza: namba imepimwa baharini, huku juu hewa ni nyepesi, ukiisoma namba bila kuuliza imepimwa wapi utadanganyika mwenyewe. Aliitikia kwa kichwa.

"Mimi Mombasa sijawahi kuiona," alisema.

Nilifikiri nimesikia vibaya. Maisha yangu yote nimeisikia bahari ile mdomoni mwake, rangi yake, harufu yake, mchanga wake unavyochoma adhuhuri.

"Nimezaliwa Kibuli. Baba yenu alinioa akanileta nyumba hii, na kila mwaka aliniambia mwaka ujao nitakupeleka kwetu. Yote ninayoyasema nimeyasikia kwake, naye aliyasikia kwa baba yake. Yeye mwenyewe alikwenda mara moja, kununua sanda." Alifuta vidole. "Swaibu, mwanangu, mimi ugenini nimepasikia tu. Hapa ndipo nilipo. Duka lako tutalishughulikia, sitakuacha, watoto wako ni wangu. Lakini hapauzwi."

Swaibu aliinamisha kichwa. Nilitarajia atanyanyuka aondoke. Badala yake akachukua kipande cha chungwa kutoka kwenye sahani ya Mama akala, na Mama akamsogezea sahani yote.

Kisha Mama akaniomba nimshike mkono. Alivua viatu hapo hapo barazani na tukashuka, yeye na mimi, polepole, kwa kukingama, kwa sababu nilimwambia kushuka moja kwa moja kunateleza. Hajafika chini tangu Baba afariki. Tulisimama karibu na ukuta. Ziwa lilikuwa limetulia, na mawingu meusi yalikuwa yanakuja upande wa Ggaba.

Aliliangalia kwa muda mrefu, nami nikangoja neno lake la siku zote.

"Zuri," alisema.

Halafu akagusa nyasi kwa kidole cha mguu, akaniambia za ukutani zimeanza kurudi, nisilale.